Chama cha wanamisitu kanda yetu: ada tunalipa, mpango kazi unapingana na mvua!

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Sisi wanamisitu wa Nyanda za Juu Kusini tuna chama chetu cha kitaaluma cha kanda. Tumo mabwana miti wa halmashauri, watu wa mashamba ya serikali na ya kampuni, wastaafu, na vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) na chuo cha misitu Olmotonyi ambao bado wanasaka ajira. Ada tunalipa kila mwaka. Jina la chama silitaji, wahusika wanajijua.

Sasa tumeletewa rasimu ya mpango kazi wa mwaka ujao. Shughuli iliyotengewa fungu nono kuliko zote ni kupanda miti tarehe 1 Aprili. Jamani! Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na ikifika Aprili zinaaga. Mkulima yeyote wa Mufindi anajua mche wa msindano unaingia ardhini Desemba au Januari, ushike mizizi kabla ya kiangazi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni halali kuiadhimisha, hilo sipingi. Lakini huku tuiadhimishe kwa kupalilia na kukagua miche iliyopandwa Januari, siyo kupeleka miche mipya ikafe.

Na inakufa kweli. Agosti nilirudi kwenye eneo tulilopanda mwaka huu. Nikachimbua mche mmoja uliokauka: kiriba cha nailoni bado umekivaa, mizizi imejizungusha humo ndani haina pa kutokea. Aliyeupanda alikuwa mgeni mwalikwa, akapigwa picha, akapanda gari. Hakuna mwanachama hata mmoja aliyesimama pembeni yake kumwambia kiriba kinatolewa kwanza. Chama cha wataalamu wa misitu hicho!

Moto nao ni hivyo hivyo. Wakulima wanachoma mashamba Septemba na Oktoba, upepo ukivuma moto unaingia kwenye misindano, na watu wa kijiji wanaukabili na matawi mabichi mikononi. Mafunzo ya kudhibiti moto yamepangwa mwishoni mwa Novemba, hotelini mjini. Novemba! Barabara za moto, yaani vipande vinavyofyekwa ili moto usivuke, zinasafishwa Mei na Juni. Mafunzo yafanyike kipindi hicho, kijijini, na kamati za moto zenyewe, wanaoingia motoni ndio wafundishwe.

Kinachoniuma kuliko vyote ni wakulima wadogo. Dalali anafika, anazungusha macho shambani, anataja bei. Mzee ana mtoto anadaiwa karo, anakubali. Misindano ambayo haijatimiza hata miaka kumi inaishia kwenye mashine ndogo za kupasulia mbao, zile za dingdong, na mwenye shamba hajui aliuza mita ngapi za ujazo. Sisi tunajua kupima! Unachukua sehemu chache za mfano, unapima kipenyo usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, unapima urefu, unapiga hesabu, mkulima anakaa mezani na dalali akiwa na karatasi yenye namba. Kwa shamba la ekari chache hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana wawili wenye utepe. Vijana tunao, wamekaa nyumbani na vyeti vyao. Tulilipendekeza hili kikaoni, tukajibiwa kwamba siyo jukumu la chama. Jukumu la chama ni lipi basi? Fulana na bango?

Kuhusu fedha sitaki kurefusha. Taarifa ya mapato na matumizi ina mstari mmoja tu wa "posho na uendeshaji". Ukiuliza risiti unaambiwa subiri mkutano mkuu, na mkutano mkuu unaahirishwa kila ukikaribia.

Rasimu hii isipitishwe kabla ya wanachama kukaa. Katiba yetu inaturuhusu kudai mkutano mkuu kwa maandishi. Barua yangu nimeshaikabidhi kwa katibu na nakala imegongwa muhuri. Kila mwenye kadi aliyeko Iringa, Njombe na Mbeya aandike yake wiki hii. Na wenzangu wa Makete na Ludewa, naomba mnijibu hapa: fungu la kitalu cha miche la mwaka jana liliwafikia, au nanyi mliliona kwenye karatasi tu?