Mrejesho: meno ya mwanangu yaliyong'oka na mizizi yake

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza kuhusu mwanangu wa miaka mitatu, ambaye meno mawili ya mbele yaling'oka yenyewe bila yeye kuanguka wala kusikia maumivu, mizizi ikiwa mizima. Mmoja wenu akanisihi nisiishie kwa daktari wa meno, bali apimwe damu kuona kiwango cha alkalaini fosfatesi, kimeng'enya (protini ya mwilini) kinachosaidia kujenga mifupa na meno. Mungu ambariki sana.

Kilikuwa chini kuliko kawaida ya umri wake. Kipimo cha jeni kikaonyesha hitilafu kwenye jeni iitwayo ALPL. Ugonjwa unaitwa haipofosfatasia. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya hicho, ambacho huvunja kemikali ya mwilini iitwayo pairofosfeti. Isipovunjwa hujikusanya na kuzuia kalsiamu na fosfeti kujenga mifupa, na ule utando mgumu unaoushikiza mzizi wa jino hauundiki sawasawa. Kumbe haikuwa pipi, wala uzembe wangu! Nimejilaumu miezi mingi.

Eksirei ya miguu iko salama, kwa hiyo sindano za asfotase alfa, dawa ya kufidia kimeng'enya hicho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, hazihitaji kwa sasa. Vitamini D niliyokuwa nampa kiholela nimeacha.

Baba yake naye anapimwa wiki ijayo. Alipoteza meno ya utotoni mapema mno, na hakuna aliyewahi kumuuliza.