Nifungeje kurasa za wanachama kwenye tovuti ya chama?

Katibu, Amu
Assalam aleikum. Mimi ni katibu wa chama cha wenye majahazi hapa Amu, na tovuti yetu niliijenga mwenyewe kwa lugha ya programu ya PHP. Kurasa za wageni, zinazoeleza safari za Matondoni na magofu ya Takwa, hazina tatizo. Tatizo ni daftari la michango na mikopo, ambalo nililiweka kwenye ukurasa usio na kiungo popote, nikidhani kuwa asiyepewa anwani hataufikia. Juzi mwanachama alitafuta jina lake kwenye Google, akalikuta deni lake limeanikwa pamoja na nambari yake ya simu. Nimeuondoa ukurasa ule, lakini jambo hili limeniumiza sana. Nitawekaje mlango wa nywila ambao mgeni hataupita hata akiijua anwani?

Fundi, Shela
Waalaikum salaam, ndugu katibu. Ulinzi lazima ufanyike kwenye seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa za tovuti, kabla herufi moja ya daftari haijatumwa. Kuficha maandishi kwa JavaScript, programu inayoendeshwa kwenye simu ya mgeni, hakusaidii, kwa sababu yanakuwa yameshafika kwenye simu ya mgeni. Kila ukurasa wa wanachama uanze kwa kuuliza kama aliyekuja ameshaingia, na kama hajaingia arudishwe kwenye ukurasa wa nywila. Hapo wengi hukosea: huandika amri ya kumrudisha wakasahau kuweka `exit`, amri ya kusimamisha programu, baada yake, na seva ikaendelea kutuma ukurasa wote nyuma ya pazia.

Nywila usizihifadhi zilivyo. Tumia `password_hash`, inayoigeuza nywila kuwa alama isiyosomeka, wakati wa kusajili, na `password_verify`, inayoilinganisha na alama hiyo, wakati wa kuingia, ambazo zimo ndani ya PHP tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013. Mtu akishaingia, ita `session_regenerate_id`, ili kikao chake, yaani kumbukumbu ya seva kwamba ameshaingia, kipewe utambulisho mpya. Tovuti nzima ipite kwenye HTTPS, njia inayoficha mawasiliano yasisomwe njiani. Cheti kinachohitajika kwa hilo hakilipiwi ukikichukua Let's Encrypt.

Mwalimu, Malindi
Naongeza la mafaili. Kama mihutasari ya mikutano ni PDF zilizo kwenye folda ya wazi, kuufunga ukurasa unaoziorodhesha hakuzifungi zenyewe. Zihamishie nje ya folda hiyo, kisha programu yako izisome na kuzitoa baada ya kumhakiki mwanachama. Wala usitegemee robots.txt, faili la kuziomba Google na wenzake zisipitie kurasa fulani, kwa kuwa inaweza kusomwa na yeyote, na ukiandika humo jina la folda ya siri umeitangaza.

Vilevile, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipogundua, iwapo uvujaji unaweza kuwadhuru wahusika. Madeni na nambari za simu si jambo dogo. Lifikisheni kwa viongozi wa chama leo.

Katibu, Amu
Nawashukuru sana. Mwenyekiti nimemweleza, na barua tunaiandika. Nimeweka ukaguzi pamoja na `exit`, na sasa mgeni hapiti. Kila mwanachama huona mkopo wake kwa anwani yenye nambari, kwa mfano `mkopo.php?id=14`. Je, hiyo yatosha?

Fundi, Shela
Haitoshi, ndugu yangu. Mwanachama aliyeingia kwa haki akibadilisha 14 kuwa 15 atasoma deni la mwenzake. Usiiamini nambari iliyo kwenye anwani. Chukua utambulisho wa mtu kutoka kwenye kikao alichoingilia, na hifadhidata imtolee mikopo iliyo yake tu. Jaribu kwa akaunti mbili kabla ya kulirudisha daftari.