Nepi za kufua, pampasi au zile za mianzi? Naomba mnisaidie kulinganisha

mama_mtarajiwa:
Habarini wazazi wenzangu. Mtoto wa kwanza anakuja karibuni na kinachoniumiza kichwa ni nepi. Kuna pampasi za kawaida, kuna za kufua zenye vifungo, na kuna hizi zimeandikwa za mianzi eti zinaoza zenyewe. Kila ninayemuuliza ana lake. Ukiacha urahisi, ipi hasa ina nafuu kwa mazingira? Na maji na umeme wa kufulia si vinarudisha hasara ileile?

babapacha:
Hongera dada. Hapo kwenye maji na umeme ndo penyewe. Uingereza walilipima hilo, ripoti ya 2008 ilikuta mtoto akivaa pampasi mpaka miaka miwili na nusu inakuja kama kilo 550 za hewa ukaa, za kufua kama 570. Wengi wanaishia hapo wanasema si mnaona, hakuna tofauti. Lakini ripoti hiyohiyo inasema ukifua mzigo uliojaa, ukaanika nje, halafu mtoto wa pili akavaa zilezile, unaokoa kama kilo 200. Ripoti yao nyingine ya 2023 ikakuta za kufua ziko chini kwa kama asilimia 25. Kwa iyo inategemea wewe unafuaje, na mashine ya kukaushia ndo inayoharibu hesabu.

Nyuki:
Za mianzi usiziendee mbio. Mara nyingi kilichotoka kwenye mianzi ni kitambaa cha juu tu, ndani bado kuna ile jeli inayonyonya mkojo na nje kuna plastiki, ifungue moja uone. Halafu hata ile sehemu inayooza inataka hewa, sasa ukiifunga kwenye mfuko ikaenda kufukiwa dampo chini ya matakataka hewa itoke wapi? Inaozea humohumo inatoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Kama hakuna huduma ya kuzichukua na kuziozesha inavyotakiwa, unalipia maneno ya kwenye pakiti.

mama_mtarajiwa:
Kumbe! Asante, hiyo ya mianzi naiondoa. Sasa za kufua ninunue ngapi na zinafuliwaje? Naogopa harufu.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, 20 mpaka 24 zinatosha ukifua kila baada ya siku mbili, maana kichanga anabadilishwa hata mara kumi kwa siku. Choo kikubwa kitupe chooni kwanza, nepi weka kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, usiloweke, kuloweka muda mrefu kunaua lastiki na lile tabaka la kuzuia maji. Siku ya kufua suuza na maji baridi, kisha fua kwa nyuzi joto 60 na sabuni ya kutosha kabisa, harufu nyingi zinatokana na sabuni kidogo. Softena usiguse, inafunika nyuzi kitambaa kinakataa kunyonya. Na zikiwa mpya za pamba zifue mara kadhaa kabla ya kumvalisha, la sivyo utasema zinavuja kumbe pamba bado ina mafuta yake ya asili. Madoa yaachie jua, anika zikiwa bado mbichi, yanafifia yenyewe.

Kibuyu:
Yote sawa ila tuseme na la pili, kama maji ni ya kununua au kubeba kichwani na anayefua ni mama peke yake tena ametoka kujifungua, msimbebeshe hatia jamani. Anaweza kuvalisha za kufua mchana na pampasi usiku, kila ya kufua inayovaliwa ni pampasi moja haijaenda dampo. Na baba afue pia, kwa nini mazingira yalindwe na mgongo wa mtu mmoja?

babapacha:
Kibuyu umenena, kwangu kufua ni kazi yangu. Naongezea kufutia, vile vitambaa vyenye unyevu vya pakiti vingi vina plastiki ndani na vinaziba mabomba vikitupwa chooni. Kata fulana kuukuu vipande, lowesha na maji, unafua pamoja na nepi. Na akishaanza kukaa vizuri mkalishe kwenye poti akitoka kulala, bila kumlazimisha, unapunguza nepi chafu mapema.

mama_mtarajiwa:
Nimewaelewa wote, mume wangu nimemtumia ujumbe wa Kibuyu kama ulivyo. La mwisho, kuna dada anagawa za kufua alizomaliza nazo, zinafaa au nitafute mpya?

Mama Wawili:
Chukua haraka, hizo ndo zenye nafuu kuliko zote maana zimeshatengenezwa. Vuta lastiki ya mapajani, ikirudi fasta ni nzima, ikibaki imelegea fundi anaweka nyingine. Tabaka la ndani likunje uliangalie kwenye mwanga, likiwa limepasuka au linabanduka hiyo iache. Ukishazipata zifue zote na maji ya moto kabla hazijamgusa mtoto.