Halloween II (1981): Acheni kukisingizia kinyago, uozo ulianzia kwenye skripti

Wakuu, inatosha sasa. Kila Oktoba ikifika lazima atokee mtu wa kulia kwamba filamu ya kutisha ya Halloween II iliharibiwa na kinyago feki cha muuaji Michael Myers, eti walitafuta kingine cha bei rahisi. Hapana! Ni kilekile cha filamu ya kwanza. Kinyago cha Kapteni Kirk wa Star Trek ambacho Tommy Lee Wallace, mbunifu wa mandhari wa filamu ya kwanza, alikinunua mwaka 1978 kwa chini ya dola 2, akapanua matundu ya macho, akanyofoa nyusi na ndevu za mashavuni, akakipulizia rangi nyeupe, ndicho hichohicho Dick Warlock alichovaa akiigiza Michael mwaka 1981.

Mbona basi sura imebadilika? Kwanza kichwa. Warlock ni mfupi na mnene kuliko Nick Castle wa filamu ya kwanza, kwa hiyo mpira umetanuka kwenda pembeni na uso ukawa bapa. Pili umri. Debra Hill, mtayarishaji wa filamu zote mbili, alikiweka chini ya kitanda kwa miaka, naye alikuwa mvutaji sigara. Hata bila moshi kingegeuka manjano tu. Lateksi, yaani mpira wa kinyago hiki, ni utomvu wa mti. Hewa, mwanga na joto vinaila taratibu. Inaanza kupiga manjano, inakakamaa, halafu inapasuka pembeni mwa mdomo na shingoni, palepale panapovutwa kila kikivaliwa.

Na nyie mnaotengeneza nakala za kinyago cha sehemu ya pili, mnaopaka rangi ya akriliki tupu halafu mnalalamika imebanduka magamba: mlitegemea nini? Akriliki ikikauka ni ngozi ya plastiki, haivutiki kama mpira ulio chini yake. Changanya nusu kwa nusu na lateksi ya maji, paka tabaka nyembamba, subiri ikauke ndipo uongeze nyingine. Rangi ya kwenye kopo iwe hafifu kuliko unayoitaka, kwa sababu lateksi mbichi ni nyeupe kama maziwa lakini ikikauka inapoteza weupe huo na rangi inakolea. Malizia na poda ya talki, la sivyo mpira utagandana wenyewe kwa wenyewe na hutautenganisha bila kuuchana. Usikitundike kwenye msumari. Kivishe kichwa cha sponji, mbali na dirisha.

Turudi kwenye filamu. Kesi ya kweli iko kwenye karatasi. John Carpenter, mwongozaji wa filamu ya kwanza aliyeandika skripti hii pamoja na Hill, amekiri mwenyewe kwamba alikuwa anaandika usiku huku bia ikimsindikiza, na hadithi ya kuendeleza hakuwa nayo. Huko ndiko kulikotoka huu upuuzi wa Laurie, msichana anayewindwa, kuwa dada yake Michael. Hebu pimeni hasara. Mwaka 1978 kilichotisha ni kwamba jamaa hana sababu; Laurie alipita tu mlangoni kwake, basi. Sasa ghafla ni ugomvi wa ukoo! Na hawakuishia hapo. Wakati sehemu ya pili inatengenezwa, Carpenter alipiga vipande vya nyongeza ili filamu ya kwanza itoshe muda wa kuonyeshwa kwenye televisheni ya NBC, na humo wakachomeka neno "Sister" (dada) likiwa limekwaruzwa kwenye mlango wa chumba cha Michael. Yaani walirudi nyuma kuichafua filamu ambayo haikuwa na kosa.

Halafu damu. Rick Rosenthal, mwongozaji, alitaka hofu ya kunyata. Carpenter akaona haina meno, akapiga mauaji ya ziada. Mshono unaonekana kwa macho: Dean Cundey, mpiga picha wa filamu, anakujengea korido yenye giza, unaanza kushikilia kiti, mara unatupiwa sindano ya jicho.

Mwangalieni Jimmy, mhudumu wa ambulensi katika hospitali alikolazwa Laurie. Anamkuta muuguzi Alves amekaushwa damu yote hadi sakafuni, anateleza, anapiga kichwa. Baadaye anaanguka juu ya honi ya gari, na toleo la sinema linamsahau hapohapo. Toleo la televisheni linamwonyesha yu hai ndani ya ambulensi pamoja na Laurie. Filamu moja, majibu mawili. Hilo hamlifungulii uzi?

Mnalalamika kwamba hospitali hiyo ni tupu mno? Sawa, hapo nakubali. Chumba cha watoto wachanga tunakiona kabisa, na usiku kucha hakuna anayekumbuka kuwatoa.

Ila kama shida yenu ni kitu feki kichwani mwa mtu, mmekosea kichwa. Hadithi inaendelea usiku uleule wa filamu ya kwanza, lakini kufikia 1981 Jamie Lee Curtis, anayeigiza Laurie, alikuwa amekata nywele. Lile ni wigi, mwanzo hadi mwisho.