Mwizi wa simu afungwe miaka mingapi, na aliyenunua je?

Wadau, wizi wa simu ukizidi, hoja inayotawala ni moja: kifungo kiongezwe, mwizi wa simu akae ndani miaka kumi, wengine wakome. Hasira hiyo naielewa. Hata hivyo napinga, tena kwa nguvu.

Tusichanganye makosa. Anayekutolea kisu ili umpe simu amefanya unyang'anyi, na sheria za nchi nyingi zinamwadhibu vikali kuliko mwizi wa kawaida. Huyo sina la kumtetea. Namzungumzia kibaka anayekwapua na kutimua mbio. Yeye hapigi hesabu za miaka ya kifungo, anaangalia kama atakamatwa, na kama kuna wa kumuuzia.

Hapo kwenye kuuza ndipo adhabu inapotakiwa kuuma. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, IMEI, tarakimu 15, bonyeza *#06# utaiona. Kampuni za simu zikiifungia namba hiyo, simu haishiki mtandao wao. Basi anatafutwa fundi wa kuibadilisha. Uingereza iliwatungia sheria watu hao mwaka 2002: kubadilisha IMEI bila idhini ya mtengenezaji ni jinai, kifungo hadi miaka 5. California nayo mwaka 2014 iliamua kwamba simu janja mpya zinazouzwa huko ziwe na uwezo wa kufungwa na mwenyewe akiwa mbali. Bado simu zinaibwa, maana iliyofungwa hufumuliwa ikauzwa kioo, betri na kamera kwa wanaohitaji spea, au huvushwa mpaka kwenda isikofungiwa. Mnyororo wote huo una watu wazima wenye mtaji, wanaojua wanachonunua. Tukimfunga kibaka tu, kesho wanampata mwingine.

Kuna jambo jingine linaniuma zaidi. Ukipima wizi huu kwa bei ya simu, umemdhulumu aliyeibiwa. Siku hizi wanakuvizia simu ikiwa mkononi, tayari umeifungua. Au wanachomoa laini, wanaiweka kwenye simu nyingine, wanaomba msimbo wa uthibitisho, ujumbe unaingia kwao. Nywila inabadilishwa, akiba inahamishwa, na mkopo unachukuliwa kwa jina lako. Makosa hayo yashtakiwe moja moja, kila kosa na adhabu yake, na fidia iamriwe humohumo mahakamani. Tena ukiweza weka PIN kwenye laini yenyewe: wakikosea mara tatu inadai PUK, namba ya kuifungulia laini.

Kinachobaki kigumu ni mnunuzi ambaye kweli hakujua. Maoni yangu: simu irudi kwa mwenyewe, mnunuzi aonyeshe aliyemuuzia, na asifungwe mpaka ithibitike alijua au alifumba macho makusudi. Bei ya kutupa, hakuna risiti, na muuzaji hajui hata nywila ya simu anayoiita yake: je, hayo yanatosha kusema alijua? Nawasikiliza, hasa mnaotaka vifungo virefu.