Naomba ushauri: nilipie tena siti za White Sox baada ya Crochet kuondoka?

Mzaramo wa Baridi (Jumamosi, 14 Desemba 2024)

Wakuu, habari za wikiendi. Niko Chicago mwaka wa tisa huu, na timu yangu ni White Sox, besiboli, upande wa kusini wa mji. Kwa wasiofuatilia: msimu uliopita tulicheza mechi 162, tukashinda 41, tukafungwa 121. Hakuna timu iliyofungwa mechi nyingi hivyo kwa msimu mmoja tangu mwaka 1901. Timu ya New York Mets ya 1962 iliishia 120. Katikati hapo tulipoteza 21 mfululizo.

Jumatano uongozi umempeleka Garrett Crochet kwa Boston Red Sox. Ndiye mrusha mpira wetu bora, mkono wa kushoto, miaka 25, mwaka huu aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu (straiki ni mpira halali ambao mpigaji ameukosa au ameuacha). Tumepewa chipukizi wanne: Kyle Teel mdakaji, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman González. Huku wanabadilishana watu kwa watu, si pesa kama kwenye soka.

Kinachoniuma ni kwamba Desemba 2016 tulifanya hivihivi. Chris Sale, naye mkono wa kushoto, naye bora kuliko wote, naye akaenda Boston hiyohiyo. Tukapewa Moncada, Kopech na wengine wawili. Mwaka 2018 Boston wakabeba ubingwa, na Sale ndiye aliyerusha mpira wa mwisho. Sisi tukaingia mtoano 2020 na 2021, hatukuvuka raundi ya kwanza hata mara moja, kisha ndo haya. Kopech tulimpeleka Dodgers Julai, Oktoba akawa bingwa huko.

Nina siti mbili za mechi 20. Muda wa kulipia unakwisha. Nilipie au niache?

Jangwani Daima

Mkuu, 121?! Sisi Yanga tulikaa misimu minne tunawatazama Simba wanabeba ligi, 2018 hadi 2021, nikaona dunia imekwisha. Agosti 2021 wakawaachia nyota wao Chama na Miquissone kwa mpigo, msimu uliofuata kombe likaja Jangwani na mpaka leo halijatoka. Wewe lipia. Shabiki haondoki nyumba ikiwaka.

Ngosha wa Magu

Besiboli siijui ila ng'ombe nawajua. Baba aliuza dume la mbegu, dume ambalo watu walitoka kijiji cha tatu kuja kuliomba, akanunua mitamba minne. Mama alimnunia mwezi mzima. Mitamba miwili ikafa kwa ndigana. Mmoja akawa mgumba. Yule wa nne ndiye aliyenisomesha. Sasa sijui kama hiyo ni hasara au faida, maana lile dume lilivunjika mguu huko lilikokwenda. Hao wanne wenu wazima?

Mzaramo wa Baridi

Mkuu Ngosha, umegusa penyewe. Montgomery alivunjika kifundo cha mguu Juni akiwa chuoni, hajacheza hata mechi moja ya kulipwa. Teel ndiye ninayemtegemea: mdakaji mzuri ni adimu, ndiye anayeuona uwanja wote kwa mbele na kumwongoza mrushaji.

Kwa haki nisiwalaumu sana. Crochet alibakiza misimu miwili kabla ya kuwa huru, na hakuna anayedhani tutashinda chochote ndani ya miaka hiyo miwili. Kumshika ilikuwa kumpoteza bure. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida timu mbovu hupewa nafasi ya kuchagua vijana mwanzoni. Nafasi za juu hupangwa kwa bahati nasibu, lakini sheria inazuia timu za miji mikubwa kupata nafasi za bahati nasibu hiyo miaka miwili mfululizo. Tumefungwa 121 na Julai tutachagua wa 10! Kwa hiyo vijana ilibidi watoke kwingine, na cha kuuza kilikuwa Crochet tu. Kocha mkuu mpya, Will Venable, naona ni mtu mtulivu. Kwa hiyo nikisema nilipie, sibahatishi.

Mama Tunu

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Umekuja kuuliza na jibu unalo mfukoni. Mtu mwenye hela yake haombi ruhusa ya siti kwa watu asiowajua. Hela ni ya nani?

Mzaramo wa Baridi

Shikamoo mama. Hela ni yangu. Nimepokea zamu yangu ya upatu, dola 2,000. Siti zote ni 1,100.

Mama Tunu

Marahaba. Upatu mtu hachezi bila shabaha. Hiyo zamu uliipangia nini kabla huyo kijana hajaenda Boston?

Mzaramo wa Baridi

Sawa mama. Mdogo wangu wa kike yuko chuo cha uuguzi Morogoro, mwaka wa pili. Nilimwahidi ada itoke kwenye upatu huu, ni kama dola 1,200. Na nusu ya siti nimeshalipa. Alhamisi usiku. Mke wangu hajajua.

Ila naomba nisikilizwe. Ada inatakiwa Februari, na Januari nina ovataimu ghalani. Na hizi siti si starehe yangu peke yangu. Nakwenda na mwanangu wa miaka 10. Anaandika kila mpira kwa penseli kwenye karatasi ya mechi: mpigaji akitolewa kwa straiki anaandika K, akitolewa bila kuzungusha gongo anaigeuza K iangalie nyuma. Karatasi zote za mwaka huu anazo kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda. Mwishoni mwa Septemba tulikuwa tumeshafungwa 120, watu wakaja kushuhudia rekodi ikivunjwa nyumbani. Tukawafunga Angels mechi zote tatu. Rekodi ikaenda kuvunjikia Detroit. Karatasi za mechi hizo tatu amezibandika ukutani. Nimwambieje?

Jangwani Daima

Dah. Mimi nilishasema lipia, sasa sijui.

Sifuri Doa

Wakuu, hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Mzaramo, Chicago, besiboli, mtoto na penseli, dada yuko uuguzi, mama anajibiwa shikamoo. Imepangika mno. Nani anashabikia timu iliyofungwa 121 wakati mji huohuo una timu nyingine, Cubs? Leteni maandazi.

Jangwani Daima

Kumbe! Na mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Ngosha wa Magu

Ya kwangu ya ng'ombe ni kweli lakini.

Bukavu Kaskazini

Bandugu, miye niko Chicago, Rogers Park. Acheni nimuulize. Ndugu Mzaramo, ukishuka treni ya Red Line pale stesheni ya Sox-35th, unaenda upande gani? Na mtoto anakula nini?

Mzaramo wa Baridi

Unashuka katikati ya barabara kuu ya Dan Ryan, magari kushoto na kulia, huwezi hata kusikia simu. Unapanda juu, unavuka daraja kuelekea magharibi, uwanja huo hapo. Mtoto anakula mahindi ya Kimeksiko: yanapukuchuliwa kwenye kikombe, yanatiwa siagi, jibini, limao na pilipili. Kila nikiyanusa nakumbuka mahindi ya kuchoma ya Coco Beach. Kabla ya kuingia lazima anipeleke ng'ambo ya barabara ya 35, kwenye maegesho. Uwanja wa zamani wa Comiskey ulikuwa pale, na pameachwa alama ya marumaru mahali mpigaji aliposimama. Anasimama juu yake anashika gongo la hewa. Madereva wanamsubiri.

Bukavu Kaskazini

Huyu hasemi uongo. Ile alama wageni hawaijue. Ndugu, sikiliza: mtoto wangu wa kwanza naye anapenda huo mchezo, na miye siwezi kulipa mechi 20. Nipe 10. Ile nusu imebakia nalipa miye, leo. Ada ya dada yako inabaki yote.

Sifuri Doa

Mkuu, samahani. Nimesoma vibaya.

Mzaramo wa Baridi

Haina shida mkuu. Bukavu, nimekutumia ujumbe. Chagua unazotaka, hata ya ufunguzi na Angels tarehe 27 Machi chukua. Ila wikiendi ya Aprili 11 hadi 13 niachie. Boston wanakuja, na mtoto ameshaniuliza kama Crochet atarusha.

Mama Tunu

Na mkeo?

Mzaramo wa Baridi

Yuko zamu ya usiku, mama. Anarudi saa moja asubuhi. Nimeshabandika maji ya chai, namsubiri.