Naomba ushauri: Msumbiji iko Afrika Mashariki ama Kusini?

Asalaam aleikum ndugu zangu, niko hapa Lamu namsaidia binti yangu wa gredi ya saba kazi ya shule na nimekwama kabisa, maanake Umoja wa Mataifa wanaiweka Msumbiji na Zambia Afrika Mashariki lakini Umoja wa Afrika wanasema hizo ni za Kusini, halafu Sudan nayo huku Kaskazini kule Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ndo kabisaa, Kongo ya Kinshasa imeingia 2022, Somalia 2024. Na sisi wa pwani tushazoea kuhesabu kwa bahari, Barawa kule Somalia mpaka Sofala ya Msumbiji, Ngazija ya Komoro humo humo, kwangu hiyo ndo yenye maana zaidi. Sasa walimu mlioko humu, aandike mgawanyo upi, na nimuelezeje kwa nini inatofautiana hivi?